MADENI MENGI YAWE MOJA, NA HILO MOJA LIISHE

Hotuba kwa Waislamu wa Koboko

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na kumtakia rehema na amani Mtume wake Muhammad, pamoja na jamaa zake na masahaba zake wote.

Enyi mashehe na wazee watukufu, mabwana na mabibi, na nyinyi vijana mliokaa karibu na mlango: jambo la kunenwa leo ni deni. Wala si lile deni moja ambalo mtu hukijua kiasi chake, humjua mwenyewe, na huijua siku ya kulipwa. Deni la namna hiyo Waislamu wamekuwa nalo tangu zamani, na halikumvunjia mtu heshima yake. Linalonenwa hapa ni madeni mengi kwa pamoja, ya mahali mbalimbali, ambayo mwenye kudaiwa hana tena hesabu yake, na ambayo hulilipa moja kwa kukopa jingine. Huyo ndiye mtu ambaye simu ikilia hutazama kwanza jina la mpigaji, na akienda sokoni huchagua njia isiyopita mbele ya duka la fulani.

Swali ni hili: je, mtu huyo aweza kuyakusanya madeni yake yote yakawa deni moja, akalilipa, kisha akakaa nje ya deni asirudi? Jawabu ni kwamba aweza, kwa masharti matatu. La kwanza, ayaandike yote bila ya kuficha hata moja. La pili, deni jipya liwe jepesi kuliko yale ya zamani, wala lisiwe na riba. La tatu, mlango ulioingiza madeni ufungwe siku ile ile. Likikosekana moja katika hayo, kukusanya madeni si dawa, bali ni maradhi yale yale yaliyovikwa kanzu mpya.

Jambo hili si geni katika historia ya Uislamu. Katika mkusanyo wa Hadithi wa Imam Bukhari kimo kisa cha Zubayr bin Awwam, mtoto wa shangazi yake Mtume na mmoja wa wale kumi waliobashiriwa Pepo. Zubayr aliuawa mwaka 36 wa Hijra, yaani mwaka 656, wakati wa Vita vya Ngamia. Siku ya vita ile alimwita mwanawe Abdullah, akamwusia juu ya deni lake kabla ya jambo jingine lolote. Na deni lile halikutokana na anasa. Watu walikuwa wakimletea mali zao awawekee amana, naye akikataa kuzipokea kwa amana na kuzipokea kwa deni. Kwa maana amana ikipotea bila ya kosa la mwenye kuiweka hailipwi, lakini deni lazima lilipwe, naye alichelea mali ya watu isipotee mikononi mwake.

Zubayr alipokwisha kufa, Abdullah alikaa akalihesabu deni, akaliona ni 2,200,000. Akakutana na Hakim bin Hizam, ambaye alimwuliza deni la marehemu ni kiasi gani. Abdullah akataja 100,000 tu. Hakim akaona kwamba mali iliyoachwa haitatosha hata kwa hizo. Hapo ndipo Abdullah alipomwuliza, ingekuwaje basi lau ni 2,200,000? Hakim akamjibu kwamba haoni kama wataweza, na akamwambia akishindwa na lolote katika deni lile amwendee amsaidie.

Basi tazameni alivyofanya Abdullah. Aliuza ardhi iliyoitwa Al-Ghaba, ambayo baba yake aliinunua kwa 170,000. Nayo ikapata thamani ya 1,600,000. Kisha akatangaza kwamba kila mwenye kumdai Zubayr na aje Al-Ghaba. Hakuwafuata wadai mmoja mmoja uchochoroni, wala hakuwakimbia. Aliwaita wote mahali pamoja. Mmoja wao, Abdullah bin Jaafar, aliyekuwa akidai 400,000, alijitolea kusamehe, na asiposamehe kungoja. Abdullah akakataa yote mawili, akamlipa kwa kumkatia sehemu ya ardhi ile. Na ndugu zake walipotaka urithi ugawanywe, alikataa mpaka atangaze katika msimu wa Hija kwa muda wa miaka minne, ili asibaki mdai hata mmoja asiyesikia. Ndipo mali iliyobaki ikagawanywa.

Katika kisa hiki yamo mambo yote yanayohitajiwa na mwenye madeni wa leo: hesabu kamili, kuuza kilichopo, kuwaita wadai mahali pamoja, na kutogusa faida mpaka haki za watu ziishe. Na limo jambo moja la kibinadamu ambalo halifai kupitwa. Hata mtu mkubwa kama Abdullah bin Zubayr, alipoulizwa mara ya kwanza, alitaja sehemu ndogo tu ya deni. Ulimi mzito kulitaja deni lote si ajabu. Lakini msaada haukupatikana kwa ile 100,000. Ulipatikana ilipotajwa ile 2,200,000.

Sasa na irudiwe Koboko. Mji huu umekaa karibu na mahali zinapokutana nchi tatu, Uganda, Sudan Kusini na Kongo, na riziki ya watu wengi hutoka katika biashara ya mpakani. Mtu huchukua bidhaa kwa mkopo kwa mwenye duka la jumla Arua, huzipeleka Oraba na kuzivusha upande wa pili, huziuza, kisha hurudi kulipa. Mambo yakienda sawa, deni hili huzaa faida. Yasipokwenda sawa, deni hubaki Arua na mali hubaki ng'ambo. Ndivyo ilivyokuwa Desemba 2013, vita vilipoanza Juba, na mara ya pili Julai 2016. Na katikati ya vita viwili hivyo, Desemba 2015, serikali ya Sudan Kusini iliiacha paundi yake ifuate soko; dola moja iliyokuwa ikibadilishwa rasmi kwa paundi kama 3 ikawa kwa paundi zaidi ya 18. Mfanyabiashara aliyeuza kwa paundi na kudaiwa kwa shilingi za Uganda aliliona deni lake limezidi mara kadhaa, naye hakukopa hata senti moja zaidi.

Mtu wa namna hiyo hutafuta pa kushika. Huenda kwa mkopeshaji wa riba akaacha hati ya kiwanja. Hukopa katika kikundi cha akiba. Kisha hufungua simu. Pesa za simu zilianza Kenya mwaka 2007 na Uganda mwaka 2009, zikawa neema kubwa, kwani mtu wa Koboko aliweza kupokea fedha kutoka Kampala kwa dakika moja. Lakini baada ya njia ya kutuma ikaja njia ya kukopa: Kenya mwaka 2012 kwa mkopo wa M-Shwari, wenye ada ya asilimia 7.5, na Uganda mwaka 2016 kwa mkopo wa MoKash. Hapana kwenda ofisini, hapana mdhamini, hapana kumtazama mtu usoni. Mtu hukopa usiku amelala kitandani, na mke aliye kando yake hana habari.

Ndugu walio Uingereza, Marekani na Kanada wanalijua jambo hili kwa sura nyingine, yaani kadi ya mkopo. Mwaka 1958 benki moja ya Marekani iliwapelekea watu wa mji wa Fresno, California, kadi kiasi cha 60,000 kwa posta bila ya wao kuziomba, na kutoka hapo desturi ikaenea. Mwaka 2023 madeni ya kadi katika Marekani yalipita dola bilioni 1,000. Huko mtu mwenye kadi nne au tano zilizojaa huchukua mkopo mmoja mkubwa, akazilipa kadi zote, akabaki na mdai mmoja. Jambo hilo si baya kwa hesabu, maadamu riba ya mkopo mpya ni ndogo kuliko ya kadi. Ubaya wake ni kwamba zile kadi zilizolipwa hubaki mfukoni zikiwa tupu, na kitu kitupu huita kujazwa. Asiyezikata atakuwa na ule mkopo mkubwa pamoja na kadi zilizojaa tena. Katika Koboko walio na kadi ni wachache, lakini simu imefanya kazi ya kadi. Mtu akimaliza kulipa mkopo wa simu, hupata habari kwamba kiwango chake cha kukopa kimepandishwa. Hiyo ndiyo zawadi apewayo aliyetoka shimoni: shimo refu zaidi.

Ili jambo lieleweke, na afanywe mtu wa mfano, asiye na jina wala ukoo, mwenye duka dogo katika mji. Anadaiwa na watu watano. Mwenye duka la jumla Arua anamdai shilingi 800,000, bila ya nyongeza. Mkopeshaji anamdai 1,000,000 kwa riba ya asilimia 10 kila mwezi. Simu inamdai 200,000, kwa ada ya shilingi 9 katika kila 100 kwa siku 30. Kikundi kinamdai 300,000 kwa asilimia 5 kila mwezi. Na shemeji yake anamdai 200,000, bila ya nyongeza. Jumla ni shilingi 2,500,000.

Mtu huyu kwa kujibana aweza kutoa shilingi 200,000 kila mwezi. Lakini mkopeshaji huchukua 100,000 ya riba, simu 18,000, na kikundi 15,000, jumla 133,000. Zinazobaki kupunguza deni lenyewe ni 67,000 tu. Huyu anatoa 200,000 na deni lapungua 67,000. Huku shemeji na mwenye duka la Arua hawajaona kitu, nao wanaanza kumdhania kuwa ni mwongo. Ule mkopo wa simu, ulio mdogo kuliko yote na unaodharauliwa kuliko yote, ukirudiwa kwa mwaka mzima, ada yake ni 216,000, yaani zaidi ya fedha iliyokopwa.

Sasa na afuate njia ya Abdullah bin Zubayr. Ana pikipiki ya pili, anayoipenda kwa kuwa humpa sura ya tajiri. Aiuze, na ichukuliwe kwamba atapata 900,000. Amwendee ndugu yake mwenye uwezo, amfunulie daftari lote, amwombe karadha ya 600,000 bila ya nyongeza. Kwa 1,500,000 hizo awalipe siku moja mkopeshaji, simu na kikundi. Deni lililobaki ni 800,000 za Arua, 200,000 za shemeji na 600,000 za ndugu; jumla 1,600,000, wala halizai tena. Zile shilingi 200,000 alizokuwa akizitoa zote sasa zaenda kwenye deni lenyewe, na baada ya miezi 8 atakuwa huru. Mshahara haukuongezeka, duka halikukua, wala mvua haikunyesha fedha. Lililobadilika ni kwamba riba imekatwa na hesabu imekuwa moja.

Mtu aweza kuuliza, je, sheria ya Kiislamu yaruhusu deni kuhamishwa hivyo kutoka bega hili hadi bega lile? Yaruhusu, na jina lake lajulikana na kila mfanyabiashara: hawala. Mtume (S.A.W.) alifundisha kwamba mwenye uwezo akichelewesha kulipa ni dhuluma, na kwamba mdai akielekezwa kwa mtu mwenye uwezo na akubali. Lakini wanazuoni wameliwekea mpaka: linalohama ni deni lile lile kwa kiasi kile kile. Likihama kwa kuongezeka, limegeuka kuwa riba, na riba hukumu yake yajulikana tangu aya za mwisho wa Sura ya Baqara.

Kadhalika, katika Sura hiyo, aya ya 282, ambayo ni ndefu kuliko aya zote za Kurani, Waislamu wameamrishwa kuliandika deni lenye muda, liwe dogo au kubwa, na kuweka mashahidi. Na limo jambo ambalo wengi hulipita wanaposoma: anayepaswa kumsomea mwandishi maneno ya kuandika ni yule mwenye kudaiwa, si mwenye kudai, naye ameonywa asipunguze chochote. Hekima yake ni kubwa. Mdai daima huikumbuka haki yake. Mwenye kusahau ni mdaiwa. Basi alitamke deni kwa kinywa chake mwenyewe, na masikio yake yalisikie.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mwenye madeni ni daftari la senti chache na usiku mmoja wa kweli. Aandike jina la kila mdai, kiasi, nyongeza yake kama ipo, siku iliyoahidiwa, na kitu kilichowekwa rehani. Na asiandike peke yake. Mwenye mke na aandike mbele ya mkewe, na mke mwenye madeni yake ya kikundi ayataje pia mbele ya mumewe. Nyumba nyingi hazikuvunjwa na umaskini. Zilivunjwa na siku mke alipojua kutoka kwa dalali kwamba kiwanja kimeuzwa. Fedheha ya usiku mmoja ndani ya chumba ni nyepesi kuliko fedheha ya mnada mbele ya mtaa.

Kazi ya pili ni kuwaendea wadai kabla hawajaja. Aya ya 280 ya Sura ile ile yaamrisha mdaiwa aliye katika dhiki angojewe mpaka apate wepesi, na yaeleza kwamba kumsamehe ni bora zaidi. Lakini mdai atamngojaje mtu asiyeonekana? Mwenye duka la jumla Arua akimwona mdaiwa amekuja mwenyewe, na daftari mkononi, na shilingi 50,000 za kuanzia, aghalabu humkubalia miezi. Akimpigia simu mara kumi bila ya kujibiwa, humwendea wakili. Na mambo yakifika huko ni mazito, kwani sheria ya Uganda yaruhusu mdaiwa aliyehukumiwa afungwe gereza la madai hata miezi sita. Sheria hiyo hiyo ya nchi inayo rehema yake pia: Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2011 humruhusu mtu aliyelemewa kuomba ulinzi wa mahakama kwa muda, na kuwapelekea wadai wake wote pamoja mpango mmoja wa malipo. Ni njia ya Al-Ghaba kwa lugha ya mahakama.

Yafaa pia mdaiwa ajue haki yake mbele ya wakopeshaji. Tangu Sheria ya mwaka 2016 wakopeshaji wa Uganda wanapaswa kuwa na leseni, na iko mamlaka ya serikali ya kuwasimamia, UMRA. Mwaka 2024 serikali ilitangaza kikomo cha riba yao kuwa asilimia 2.8 kwa mwezi, yaani 33.6 kwa mwaka. Kwa Mwislamu kikomo hicho hakiihalalishi riba hata kidogo. Lakini yule ambaye amekwisha kuingia, na anadaiwa asilimia 10 au 20 kila mwezi, asilipe kwa hofu jambo ambalo hata serikali imelikataza. Na aulize kwanza leseni na mkataba.

Wako watakaosema, na waende katika benki isiyo na riba. Ni kweli kwamba sheria ya mabenki ilirekebishwa mwaka 2016 ili kuiruhusu, na mwaka 2023 Salaam Bank ikapata leseni ya kwanza ya namna hiyo katika Uganda. Hilo ni jambo la kushukuriwa. Lakini yafaa lifahamike vizuri. Benki ya namna hiyo, aghalabu, hununua mali na kumwuzia mteja kwa faida inayojulikana, au hushirikiana naye katika biashara. Yaweza kumfaa mtu anayetaka shehena ya sukari au mashine ya kusaga. Si kazi yake kumpa mtu fedha taslimu akalipe madeni ya jana. Kwa madeni ya jana njia zilizo wazi ni tatu: kuuza, kuomba muda, na karadha njema ya ndugu.

Na hapa ndipo jamaa ya Waislamu inapohusika. Wapokezi wa zaka, kama walivyotajwa katika Sura ya Tawba, aya ya 60, ni wanane, na mmoja wao ni mwenye deni. Haki yake iko pale kama ya fakiri na maskini. Imesimuliwa pia katika mkusanyo wa Imam Muslim kwamba mtu mmoja alinunua matunda, yakapatwa na balaa, madeni yakamzidi. Mtume akawaamuru watu wamchangie. Mchango haukutosha kulipa deni lote. Akawaambia wadai wachukue kilichopatikana, wala hawana zaidi ya hicho. Mfanyabiashara ambaye bidhaa zake ziliangamia katika vita vya Juba hatofautiani sana na yule wa matunda.

Basi jumuiya yoyote yenye msikiti na watu waaminifu watatu yaweza kuwa na sanduku la karadha. Si lazima liwe kubwa. Liwe na daftari lililo wazi. Mkopo uwe na kikomo. Kinachorudi kiwe sawasawa na kilichotoka, bila ya nyongeza na bila ya jina la nyongeza kama vile ada au shukrani. Na mwombaji alete orodha ya madeni yake yote, si lile moja linalomwasha. Lililo kubwa kuliko yote, fedha isitiwe mkononi mwa mdaiwa. Wadhamini waende naye wakamlipe mdai, na stakabadhi irudi katika daftari. Jambo hilo si kumdhania mtu ubaya. Ni kumsaidia dhidi ya nafsi yake, maana fedha iliyopita mkononi mwa mwenye dhiki hukutana njiani na haja mia.

Sasa baada ya deni kwisha, mtu atakaaje nje? Wahenga walisema: kukopa harusi, kulipa matanga. Kwanza basi ni harusi na matanga yenyewe. Hapana aya wala Hadithi inayomtaka mtu akodishe mahema na vipaza sauti kwa mkopo wa simu. Karamu ya ndoa ni sunna kwa kadiri ya uwezo, na mbuzi mmoja aliyenunuliwa kwa fedha ya halali ana baraka kuliko fahali watatu wa riba. Wazee ndio wenye kuanza katika jambo hili. Kijana hawezi kupunguza harusi yake ikiwa wazee wamekaa kuhesabu sahani.

Pili, fedha ya duka na fedha ya nyumba zisilale katika mfuko mmoja. Mwenye duka na ajilipe mshahara, hata uwe mdogo, na watu wa nyumbani wale kutokana na huo. Anayekula katika kasha la duka anakula bidhaa ya mwenye duka la jumla wa Arua, naye hana habari.

Tatu, mali ya kuvuka mpaka isiwe yote ya mkopo. Mpaka ni mlango wa riziki, lakini ni mlango unaoweza kufungwa usiku mmoja. Anayevusha kwa mkopo na avushe kiasi ambacho kikipotea chote, kilichobaki Koboko chaweza kukilipa.

Nne, mtu asiwe mdhamini wa deni asiloweza kulilipa yeye mwenyewe. Abu Qatada alipojitwika deni la maiti ili Mtume amsalie, alijitwika kwa nia ya kulipa, si kwa kuona haya.

Tano, ule mlango wa simu. Aliyetoka katika mikopo ya simu asiseme kwamba atakuwa na nguvu ya kutoufungua. Na aifunge huduma ya mkopo kama yafungika. Isipofungika, laini ile iwe mikononi mwa mkewe au mzee wake, na yeye awe na nyingine ya kupokea na kutuma tu. Na zile shilingi 200,000 alizozoea kuzitoa kila mwezi kwa wadai, asizirudishe matumizini mwezi wa tisa. Tayari amekwisha kujifunza kuishi bila yazo. Akiziweka kwa miezi mitatu atakuwa na 600,000, na siku mtoto atakapougua au ada ya shule itakapotakiwa, atajikopesha mwenyewe, kwa mdai asiyetukana na asiyeongeza.

Enyi ndugu Waislamu, maiti ililetwa mbele ya Mtume (S.A.W.), naye kabla ya kuisalia aliuliza kama ina deni. Swali lile halikuulizwa juu ya kazi yake, wala kabila lake, wala ukubwa wa nyumba yake. Na yeye mwenyewe, Mwenyezi Mungu alipomfungulia riziki, alichukua juu yake madeni ya waumini waliokufa bila ya kuacha cha kulipia. Basi anayedaiwa na ajue kwamba deni lake ni zito kiasi hicho. Na jamaa ya Waislamu ijue kwamba ni wajibu wake kiasi hicho. Yule aende nyumbani leo akaandike orodha yake. Na hawa, atakapoileta, wasimcheke.

Mwenyezi Mungu awape wepesi wenye dhiki, awape subira wenye kudai, na azibariki mali zilizo safi. Na yeye ndiye Mjuzi zaidi.